WEKA AKIBA YA MAJI KAMA UWEKAVYO AKIBA YA MAHINDI

Ukivuna mahindi huyamwagi njiani. Wayakausha, wayapukuchua, wayatia katika magunia na kuyaweka ghalani, kwa maana wajua ya kuwa miezi ya njaa itakuja. Lakini maji ya mvua, ambayo pasipo hayo mahindi hayaoti, wengi wetu twayaacha yateremke mtaroni, yaingie mtoni na kwenda zake. Miezi miwili baadaye twasimama mlangoni tukitazama mbingu na kusema, "Mwaka huu tumenyimwa mvua." Mara nyingi hatukunyimwa. Tulipewa, tukaipoteza.

Tazama mambo ya miaka michache iliyopita. Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika sehemu kavu za Kenya, na mifugo wengi sana wakafa. Kisha mwisho wa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mvua ikanyesha hata mito ikafurika, barabara zikakatika na watu wakapoteza maisha. Nchi ni ile ile, na mbingu ni zile zile. Mtu aliyelia kwa kiu ndiye aliyelia tena kwa mafuriko. Hatuwezi kuiamuru mvua ije lini, lakini twaweza kuamua ifanye nini ikiisha kuanguka katika shamba letu.

Makala hii yaeleza ghala tatu za maji ambazo kila mkulima wa skimu ya makazi aweza kuwa nazo, namna ya kuzijaza, na namna ya kuyatumia maji hayo yasiishe kabla ya mvua nyingine.

KWA NINI SHIDA HII YAKUHUSU WEWE HASA

Skimu nyingi za makazi zilikatwa kutoka mashamba makubwa ya walowezi, hasa kuanzia 1962 ulipoanza Mpango wa Ekari Milioni Moja. Shamba kubwa lilikuwa na mwenyewe mmoja, nyumba moja kubwa, bwawa la ng'ombe, na pengine kisima cha mashine au mfereji kutoka mtoni. Vyote hivyo vilipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja na mifugo yake. Shamba likagawanywa, wakaja jamaa wengi. Baadaye watoto wakakua, wakaoa, na vipande vikagawanywa tena. Lakini bwawa halikuongezeka. Penginepo limepungua, kwa sababu udongo wa mashamba yetu umeingia ndani yake na kulijaza matope.

Kwa hiyo usingoje bwawa la zamani likutoshe. Ulipopewa kipande chako ulipewa ardhi pamoja na mvua inayoanguka juu yake, na hiyo ndiyo maji yako ya kwanza.

HESABU YA DEBE

Kabla hatujaendelea, tufanye hesabu kidogo. Tuseme nyumbani kwako mna watu 6, na kila mmoja hutumia lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Hizo ni lita 120, yaani madebe 6 ya lita 20. Tuseme tena mto uko kilomita 1 kutoka nyumbani. Kila debe ni safari ya kilomita 2, kwenda na kurudi. Madebe 6 ni kilomita 12 kila siku, na nusu ya mwendo huo una mzigo wa kilo 20 mgongoni au kichwani.

Kiangazi cha siku 90 chafanya kilomita 1,080. Huo ni mwendo zaidi ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa kwa miguu na kurudi. Nani katika nyumba yako anayetembea mwendo huo? Wewe wajua jibu. Ni mama wa nyumba, na ni watoto, ambao huingia darasani wamechelewa na wamechoka. Saa hizo zote zingeweza kutumika katika kupalilia, kukata majani ya ng'ombe au kusoma. Mtu asikudanganye ya kuwa maji ya mtoni ni ya bure.

GHALA YA KWANZA: PAA LA NYUMBA

Nyumba ya mabati yenye urefu wa futi 30 na upana wa futi 20 ni shamba dogo la kuvuna maji. Mvua ya inchi 1 (milimita 25) ikinyesha juu yake, utapata lita 1,200 hivi, hata ukitoa yale yanayoruka na kupotea. Hayo ni madebe 60 kutoka mvua moja nzuri ya alasiri. Mahali panapopata inchi 36 za mvua kwa mwaka, paa hilo hutoa lita 43,000 na zaidi. Ukizigawanya kwa lita 120 utaona ya kuwa ni karibu mahitaji ya watu 6 kwa mwaka mzima. Lakini ni lazima yawekwe mahali, maana mvua haiji kila siku.

Fanya hivi:

1. Tia mifereji ya mabati au ya plastiki upande wote wa paa. Iteremke kidogo kuelekea tangi, kama inchi 1 kwa kila futi 8 au 10. Ikilala sawasawa kabisa maji hutuama na mbu huzaana; ikiteremka mno, maji huruka nje mwisho wa paa. Ishike kwa vyuma kila baada ya futi 3, isipinde kwa uzito.

2. Jenga msingi imara wa tangi kabla ya kulinunua. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10, sawa na magunia zaidi ya 110 ya mahindi. Huwezi kuweka magunia 110 juu ya matofali manne.

3. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiitie tangini. Geuza bomba la mfereji kando, paa lioshwe vumbi, majani na mavi ya ndege. Maji yakiwa safi, rudisha bomba mahali pake.

4. Funika tangi vizuri, na kila tundu litiwe wavu wa waya mwembamba. Tangi lililo wazi ni shule ya mbu.

5. Maji yanayofurika tangini usiyaache yachimbe msingi wa nyumba. Yaongoze kwa mtaro mpaka kwenye shimo la migomba.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kama nyumba yako ni ya nyasi, maji yake huwa na rangi na hayafai kunywa, lakini bustani na nguruwe hawajali rangi.

Pengine wasema, "Tangi la lita 10,000 ni bei ghali; mimi sina fedha." Basi anza na la lita 1,000. Mvua moja ya inchi 1 yalijaza, na katika msimu litajazwa mara nyingi. Likitumika kwa kunywa na kupika tu, kwa lita 30 kwa siku, litawatosha watu 6 mwezi mzima. Mkulima mwenye busara hununua mfereji na tangi dogo mwaka huu, na mwaka ujao huongeza la pili kwa fedha za maziwa. Haba na haba hujaza kibaba.

GHALA YA PILI: UDONGO WENYEWE

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mvua ya inchi 1 ikinyesha juu ya ekari 1, umepewa maji zaidi ya lita 100,000. Hayo ni madebe 5,000. Hakuna tangi dukani liwezalo kuyapokea. Lakini udongo waweza kuyapokea, nao hauna bei. Kama una ekari 5, ghala yako kubwa kuliko zote iko chini ya miguu yako.

Shida ni kwamba ghala hiyo twaifunga mlango. Udongo uliopondwa na kwato na magurudumu, uliopigwa na mvua ukiwa uchi, na uliokosa samadi, hufanya ganda gumu juu. Maji yakianguka hayaingii. Hukimbia mteremkoni, na yakimbiapo hayaendi mikono mitupu: huchukua udongo wa juu, samadi uliyoibeba kwa taabu, na mbolea uliyonunua kwa fedha. Ukiona mto umekuwa mwekundu baada ya mvua, jua ya kuwa shamba la mtu linapita.

Kuufungua mlango wa ghala hii kuna njia nne.

Njia ya kwanza ni kulima kwa kukata mteremko. Usilime wala kupanda kwa kushuka. Mstari unaoshuka ni mfereji wa kuyatoa maji. Mstari unaokata mteremko ni ukuta mdogo wa kuyazuia.

Njia ya pili ni makinga maji. Watu wa Machakos waonyesha nguvu yake. Katika miaka ya 1930 nchi yao ilikuwa imeliwa na mmomonyoko hata wengine walisema haiwezi kupona. Serikali ya kikoloni ikawalazimisha watu kuchimba matuta, nao wakachukia, kwa maana kazi ya kulazimishwa haina baraka. Lakini tangu miaka ya 1950 wakulima wenyewe walichagua matuta ya "fanya juu" na kuyachimba kwa vikundi vyao vya mwethya, kwa sababu waliona faida. Kufikia 1990 watu wa wilaya ile walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Fanya juu ni rahisi kueleza. Wachimba mtaro wa kina cha futi 2 na upana wa futi 2, ukikata mteremko, na udongo wautupa upande wa juu. Acha nafasi ya futi 1 kati ya mtaro na tuta, udongo usirudi ndani. Juu ya tuta panda majani ya Napier au majani mengine ya ng'ombe, yalishike. Kila mvua italeta udongo kidogo nyuma ya tuta, na baada ya miaka michache mteremko utakuwa kama ngazi. Mteremko ukiwa mkali, matuta yakaribiane zaidi. Afisa wa Kilimo wa wadi yako atakupimia.

Lakini onyo: mtaro ukipinda kwenda chini, maji yote yatakusanyika hapo na kulivunja tuta. Basi pima. Fanya herufi A kwa miti miwili iliyo sawa na mti mmoja wa katikati, na kutoka kichwani ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha A hiyo, tia alama pale kamba inapopita kwenye mti wa katikati. Kisha igeuze, mguu wa kulia uwe mahali pa wa kushoto, ukatie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tangu hapo, popote kamba ikikaa katikati, miguu yote miwili iko sawasawa. Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi moja.

Na onyo la pili: kama udongo wako ni mzito na hutuamisha maji, kama ulivyo sehemu nyingi za uwanda wa Kinangop, usizuie maji yote shambani. Mazao yako yataoza mizizi. Hapo mitaro iteremke kidogo, iyapeleke maji polepole kwenye bwawa au kwenye majani.

Njia ya tatu ni matandazo. Mabua ya mahindi, majani makavu na magugu yasiyo na mbegu yatandazwe juu ya udongo, hasa kwenye mboga, migomba, kahawa na miti ya matunda. Jua halitaupiga udongo, na tone la mvua halitauponda. Wengine hulisha ng'ombe mabua yote, wengine huyachoma. Ya kulisha twaelewa, lakini rudisha samadi yake shambani. Ya kuchoma ni hasara tupu.

Njia ya nne ni mashimo ya tumbukiza kwa majani ya Napier. Chimba shimo la kina cha futi 2 na upana wa futi 2 au 3. Changanya udongo wa juu sehemu 2 na samadi sehemu 1, urudishe ndani, lakini acha shimo lisijae mpaka juu. Libaki na kina cha inchi 6 hivi ili lipokee maji. Panda vipande vya Napier humo. Samadi ile hushika maji kama sifongo, na majani hukaa kijani wiki nyingi baada ya ya jirani kunyauka.

GHALA YA TATU: BWAWA DOGO

Maji ya barabarani, ya uwanjani na ya miamba yaweza kuongozwa kwenye bwawa dogo, yatumike kwa bustani na mifugo. Chagua mahali palipo chini ya njia ya maji lakini juu ya bustani, ili maji yateremke yenyewe na usihitaji mashine. Lisikaribie choo wala zizi.

Chimba kwenda chini zaidi kuliko kwenda kando. Jua na upepo hunywa maji kila siku: mahali penye jua kali, milimita 4 au 5 kwa siku. Katika siku 100 hizo ni karibu nusu mita. Bwawa la mita 1 lililo pana litapoteza nusu yake; la mita 2 litapoteza robo tu, na maji ni yale yale uliyoyakusanya. Panda miti ya kuzuia upepo, lakini si mikaratusi. Mkaratusi karibu na bwawa au chemchemi ni mgeni asiyeshiba.

Udongo wa mfinyanzi waweza kushindiliwa ukashika maji. Udongo wa mchanga hautashika. Huo wahitaji karatasi ngumu ya plastiki ya mabwawa. Kabla maji hayajaingia bwawani, yapitishe katika shimo dogo la kutulizia matope, na ulizoe shimo hilo kila baada ya mvua kubwa. Kuzoa toroli mbili za matope leo ni rahisi kuliko kuchimba bwawa upya baada ya miaka mitano.

Sasa sikiliza vizuri sana. Bwawa ni rafiki, lakini laweza kuua. Mwezi wa Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, bwawa lilipasuka usiku na maji yakaua watu zaidi ya 40 waliokuwa majumbani mwao. Lako ni dogo, lakini sheria ya maji ni moja. Liwe na njia ya kutokea maji ya ziada, pana na iliyopandwa majani, ili maji yasipite juu ya ukingo. Usilichimbe juu ya nyumba ya mtu. Lizungushie ua wenye mlango unaofungwa. Kingo zake ziwe na mteremko, na kama umetandika plastiki, funga kamba yenye mafundo kutoka ukingoni mpaka ndani, kwa sababu plastiki huteleza na aliyeanguka hana pa kushika. Mtoto mmoja ni bora kuliko mabwawa yote ya skimu.

NG'OMBE WAKO ANAKUAMBIA NINI

Maziwa ni maji zaidi ya sehemu 8 katika kila sehemu 10. Ng'ombe wa gredi anayekamuliwa huhitaji lita 40 hadi 60 za maji kwa siku, na zaidi siku za jua kali. Ukimpa lita 20 tu, maziwa yake yatapungua. Wakulima wengine huongeza chakula cha dukani maziwa yanapopungua, kumbe ng'ombe ana kiu. Kumpeleka mtoni mara moja kwa siku hakufai: hunywa kwa haraka, hurudi akipanda mlima, na chakula ambacho kingekuwa maziwa huishia katika miguu yake. Tena huchanganyika na ng'ombe wengine na kuleta magonjwa.

Weka birika zizini, liwe na maji safi mchana na usiku, chini ya kivuli. Paa la zizi nalo latoa maji: lipe mfereji na pipa lake. Hilo litapunguza pia matope zizini, na matope yakipungua, magonjwa ya kwato na ya kiwele yatapungua.

MAJI MAMOJA, KAZI MBILI

Maji yaliyooshea mboga na kusuuzia nguo bado yana kazi. Yamwage kwenye shina la mgomba, mpapai au maua, si juu ya majani ya mboga zinazoliwa mbichi. Yale yenye sabuni nyingi yabadilishie mahali, yasimwagwe pale pale kila siku. Maji yaliyooshewa pampu ya dawa ya mimea yasitumike kabisa, wala yasimwagwe karibu na kisima.

Bustani ya sukuma wiki imwagiliwe asubuhi mapema au jioni. Mwaga kwenye shina, polepole, mpaka maji yaingie chini. Kunyunyiza kidogo kidogo juu kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na siku moja ukisafiri mboga zote hulala. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa nusu karibu na mche hufanya kazi nzuri.

Na bomba linalovuja? Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Weka debe chini ya bomba lako usiku, ulitazame asubuhi. Mpira wa kuziba bomba ni wa shilingi chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAJI NA MAJIRANI

Kuna kazi ambazo mtu mmoja hawezi. Bwawa la zamani la skimu ni la wote, kwa hiyo mara nyingi huwa si la mtu. Kila mmoja huingiza ng'ombe wake ndani, ng'ombe huvunja kingo na kunya majini, na watu wa chini huteka maji hayo hayo. Kaeni kikao. Lizungushieni bwawa ua, yatoeni maji kwa bomba mpaka birika lililo chini ya ukuta, na ng'ombe wanywe huko. Pandeni ukanda wa majani upande maji yanapoingilia. Wakati wa kiangazi lizoeni matope kwa zamu, na kila mmoja apeleke sehemu yake shambani, maana udongo ule ulitoka kwenu.

Usilime mpaka ukingoni mwa mto. Sheria yakataza, na mto ukipanuka utachukua shamba lako. Kabla ya kuziba kijito au kuvuta maji ya mto kwa mashine, pata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyowekwa na Sheria ya Maji ya 2016. Aliye juu akiyachukua yote, aliye chini hatakosa maji tu. Atakosa pia ujirani.

MASWALI AMBAYO WAKULIMA HUULIZA

Je, nianze na ghala ipi?
Anza na udongo, kwa sababu wahitaji jembe tu. Kisha paa. Bwawa liwe la mwisho, ukiisha kuona maji yako yanapita wapi.

Je, makinga maji hayapunguzi shamba langu?
Hupunguza kidogo. Lakini juu ya tuta wakata majani ya ng'ombe, na mahindi yaliyo nyuma yake hupata maji na udongo uliokuwa ukipotea. Sehemu iliyopungua hailali bure.

Je, mvua ikiwa nyingi akiba hii ina faida gani?
Ni mwaka wa mvua nyingi ndio unaochukua udongo. Makinga maji hufanya kazi miaka yote miwili: wa mvua haba huyaweka maji, wa mvua nyingi huyapunguza mwendo.

KAZI ZA MIEZI

Katika sehemu zenye mvua mbili, Januari na Februari ni miezi ya kuchimba makinga maji, kuzoa matope bwawani na kuosha tangi. Kabla ya katikati ya Machi, mifereji ya paa iwe imefungwa na kusafishwa. Machi hadi Mei, tazama maji yanapovunja, rekebisha siku ile ile, na panda majani juu ya matuta udongo ungali na unyevu. Septemba, rudia usafi wa mifereji ili uipokee mvua ya Oktoba hadi Desemba. Katika skimu za magharibi ya Bonde la Ufa, ambako mvua huendelea tangu Machi hata Septemba, kazi ya kuchimba ifanywe baada ya mavuno.

Na hii ndiyo kazi yako ya kwanza, ndugu mkulima. Mvua kubwa ijayo ikianza, kama hakuna radi, usikae ndani. Jifunike, chukua jembe, umwite na mwanao, mkayafuate maji. Angalieni yanaingia shambani wapi, yanakusanyika wapi, na yanatoka wapi. Pale yanapotokea, tieni kigingi. Mvua ikikatika, rudini kwenye kigingi hicho mkaanze kuchimba. Hapo ndipo mali yenu hutokea, na hapo ndipo pa kuifungia mlango.